Zamu ya Yule Mrefu

Mwalimu alisema asante.

Muuguzi alikuwa ameinama kando ya kitanda akimalizia kubandika bandeji, na mkono wake ukasimama hapo hapo, kipande cha plasta kikining'inia kidoleni. Tangu kampuni ilipompangia nyumba hii, mgonjwa wake alikuwa amemwita mzembe, amemwita mzigo, na siku moja chai ilipofika vuguvugu alimwita adhabu. Asante hakuwahi kumpa. Mwalimu alikuwa mkuu wa shule ya wasichana kabla ya kustaafu, na bado alizungumza na kila mtu kana kwamba mtu huyo amechelewa kufika darasani.

"Umesemaje, Mwalimu?"

"Nimesema asante, mwanangu. Vidole vyako vina joto."

Muuguzi alitazama vidole vyake. Vilikuwa ndani ya glavu, na alikuwa ametoka kuvitia kwenye maji baridi.

Alirudi kwenye kidonda. Mwalimu aliteleza bafuni, akavunjika nyonga, akapasuliwa na kuwekewa chuma. Hospitali ilihitaji kitanda chake, ikamruhusu mapema, na kampuni ya uuguzi wa majumbani ikampokea: muuguzi mmoja wa mchana, mmoja wa jioni hadi asubuhi. Kazi yao ilikuwa kumalizia nyumbani kilichoanzwa wodini. Kusafisha kidonda, kumpa dawa kwa wakati, kumgeuza asipate vidonda vya kulalia, kumsimamisha kwenye fremu ya chuma hadi siku atakayotembea bila kushikwa. Meza ya chakula ilitolewa sebuleni, kitanda chenye magurudumu kikawekwa mahali pake, kikielekea dirisha la uani na kamba ya kuanikia nguo. Korido fupi ilitoka sebuleni kwenda bafuni na jikoni.

Kidonda kilikuwa kimefunga. Juzi kilikuwa bado kinatoa majimaji, na leo ulikuwa mstari tu, kama wa penseli. Hilo lingemfurahisha muuguzi yeyote. Kilichomtia wasiwasi ni plasta aliyoibandua. Ncha zake zilikuwa zimekunjwa pembetatu ndogo, kwa unadhifu wa mtu anayekunja bahasha. Yeye hakunji plasta. Alipompigia simu mwenzake wa zamu ya jioni kuuliza, mwenzake alicheka, akasema kwa mshahara ule plasta yake haikunjwi hata kwa mtutu wa bunduki, naye alidhani ni mbwembwe za wa mchana.

Mwenzake huyo walimwita Chapuchapu kwa sababu hakuwahi kufika mahali kwa wakati.

Muuguzi alikata simu, akaketi kwenye kiti cha wauguzi. Alijua ni lini jambo hili lilianza. Alikuwa akilikwepa kichwani kama mtu anayekwepa kukutana na anayemdai.

Kampuni ilikuwa na sheria moja ambayo msimamizi aliirudia katika kila kikao. Muuguzi anayetoka na anayeingia wanakutana kando ya kitanda, uso kwa uso. Anayetoka anaeleza hali: mgonjwa amekula nini, amemeza dawa gani, amelalia upande upi. Kisha anasema, nakukabidhi mgonjwa. Anayeingia anajibu, nimempokea. Hapo ndipo anayetoka anaruhusiwa kuchukua mkoba wake. Sheria hiyo ilikuja baada ya mzee mmoja kuanguka kitandani katikati ya zamu mbili, kila muuguzi akidhani yuko mikononi mwa mwingine. Wauguzi waliifanyia mzaha. Ofisini walikabidhiana hata chupa ya chai kwa maneno hayo hayo.

Jioni moja dada yake, anayemlelea mtoto, alikuwa amempigia simu kwamba mtoto anatapika. Zamu ilikuwa imekwisha na Chapuchapu hajaonekana. Muuguzi alikuwa amesimama sebuleni, mkoba begani, aliposikia mlango wa jikoni ukisukumwa, halafu raba zikilia kwenye sakafu ya korido, halafu bomba la bafuni likifunguliwa. Kila muuguzi akiingia nyumba ya mgonjwa huanza kwa kunawa mikono. Hakungoja. Alisimama mbele ya mlango wa bafu uliofungwa akasema yote kwa pumzi moja: amekula, dawa ya maumivu amemeza, kalalia ubavu wa kulia, ageuzwe baadaye, nakukabidhi mgonjwa.

"Nimempokea," sauti ilijibu. Ilikuwa ya mwanamke, nzito kidogo, ya mtu aliyeinamia maji.

Muuguzi alitoka mbio. Kwenye kona ya mtaa, mbele ya duka la vifaa vya umeme, alimkuta Chapuchapu anashuka kwenye pikipiki ya abiria, sare imemkaa upande, tayari ameanza kueleza habari za gurudumu lililopasuka.

"Umemwacha na nani?" Chapuchapu aliuliza.

Wakati huo angeweza kusema. Lakini kumwacha mgonjwa kabla ya kupokewa ni kosa la kufukuzwa kazi, na mtoto alikuwa anatapika, na pikipiki ilikuwa hapo hapo inageuza. Alisema amemwacha Mwalimu na mwanawe. Chapuchapu naye, aliyekuwa na kosa lake la kuchelewa, hakutaka kuchimba zaidi. Waliachana pale, kila mmoja na lake moyoni.

Mwana wa Mwalimu alikuwa mpaka rangi wa majengo, mtu mzima mwenye rangi nyeupe kwenye kucha, aliyekuwa akiishi na mama yake kwa sababu hakuna mwingine aliyeweza. Mke wake aliondoka, na watu walipomuuliza sababu alielekeza kidevu kwenye chumba cha mama mkwe. Siku ile ya asante, alirudi kutoka kazini mapema, akasimama mlangoni kumtazama mama yake amelala na tabasamu.

"Yule mrefu hajafika leo?" alimuuliza muuguzi.

"Mrefu gani?"

"Mwenzenu. Yule anayekuja kabla ya huyu wenu mchelewaji. Anakaribia kugonga kichwa mlangoni." Alieleza kwamba amemwona mara kadhaa kwa mgongo, kwenye korido, amebeba beseni. Alimsalimia na hakujibiwa, naye akaona huyo ni mtu wa kazi, hana porojo. Hajawahi kumwona ameketi. Chai aliyomwekea ilipoa bila kuguswa. "Sema ofisini kwenu waniletee huyo tu. Nyie wengine mnakalia viti."

Muuguzi alisema kampuni haina mtu wa namna hiyo. Mwana alimkata jicho.

"Sista, wivu wa kazi si mzuri."

Alipiga simu kwa msimamizi yeye mwenyewe, pale pale, akamsifu yule mrefu. Jioni msimamizi alimpigia muuguzi kwa sauti ya chini, ile anayoitumia akikaribia kumfukuza mtu. Alitaka kujua wanamwingiza nani katika nyumba ya mteja. Kama ni jamaa yao wanayemlipa pembeni ili wao walale, atajua, na siku atakayojua watamkabidhi sare zote mbili. Muuguzi alisikiliza mpaka simu ikakatwa. Alikuwa na jibu, na jibu lenyewe lilikuwa linamfukuzisha kazi vilevile.

Kesho yake mchana, jua likiwa limejaa uani na shuka zikikauka kwenye kamba, alikuwa akipanga dawa mezani aliposikia fremu ya kutembelea ikigonga sakafu ya korido. Tok, ikaburuzwa, tok. Aligeuka amwambie Mwalimu asijaribu kutembea peke yake. Mwalimu alikuwa kitandani, macho yamefumbwa. Fremu ilikuwa imeegemea ukuta, pale alipoiacha.

Tok, kuburuzwa, tok.

Alikwenda. Korido ilikuwa tupu, ila palikuwa na harufu ya spiriti ya kusafishia vidonda, na chini ya hiyo kulikuwa na nyingine, ya kitambaa kilichofungiwa kikiwa kibichi. Bomba la bafuni lilikuwa wazi. Alilifunga. Ndani ya beseni kulikuwa na maji ya moto yanayofuka, na nyumba ile haikuwa na maji ya moto bila kuyachemsha jikoni. Alipochungulia jikoni, jiko lilikuwa baridi, naye alisimama hapo akisikiliza raba zikilia nyuma yake, zikipita polepole kuelekea sebuleni kama za mtu ambaye hana haraka kwa sababu anajua zamu ni yake, na alipopata nguvu ya kurudi alimkuta Mwalimu amegeuzwa ubavu wa pili, mto umewekwa katikati ya magoti kama inavyotakiwa, na shuka imevutwa ikakaza hata sarafu ingeruka juu yake.

"Mwalimu. Nani amekugeuza?"

Mwalimu alifumbua macho. Aliongea kwa kunong'ona, kwa adabu, kama msichana wa shule aliyeitwa ofisini.

"Yeye. Ananilisha pia."

"Anakulisha nini?"

"Sijui, mwanangu. Hakina ladha. Lakini kila nikimeza kijiko, kuna jambo linaondoka." Alifikiri. "Nilikuwa na mume. Najua kwa sababu kuna picha pale ukutani. Uso wake nauona pale tu. Nikifumba macho hayupo."

Muuguzi alimshika mkono. Ulikuwa na joto na afya, mkono wa mtu anayepona.

"Mwambie hutaki kula."

"Nilimwambia, siku za mwanzo. Nilimtukana vibaya." Machozi yalimlengalenga, ila tabasamu halikuondoka. "Sasa matusi siyakumbuki yote."

Alimweleza mwana jioni ile, nje, kwenye ngazi. Hakutaja mlango wa bafu. Alisema tu kwamba kuna kitu ndani ya nyumba, na kwamba mama yake anasahau, na kadiri kidonda kinavyofunga ndivyo anavyosahau.

Mwana alikuwa anabandua rangi kwenye kucha. Alimwuliza kama anajua mama yake alimwitaje siku aliyofaulu mtihani wa ufundi.

"Aliniita kibarua. Mbele ya wageni. Jana ameniita mwanangu mzuri."

"Anamwita hivyo kila mtu. Amemwita hivyo aliyeleta gesi."

"Hata hivyo," alisema mwana, akaingia ndani.

Mtaa wa nyuma kulikuwa na mzee aliyetengeneza cherehani mbovu na kutoa majini, na kwa kazi zote mbili watu walimwita Fundi. Muuguzi alimwomba mwana amwangalie mama yake kwa muda, akaenda akamkuta mzee ameinamia cherehani iliyofunguliwa tumbo, kopo la mafuta pembeni. Kwake alisema yote, mlango wa bafu pamoja na uongo wa kwenye kona, kwa sababu Fundi hakuwa na sare ya kumvua. Mzee hakuacha kazi. Aliuliza jambo moja tu, maneno yenyewe yalikuwaje, naye akayarudia.

"Basi sikiwezi," alisema Fundi. "Mimi natoa kilichoingia. Kikiingia kama mwizi, nakifukuza kama mwizi. Hiki hakikuingia. Kimeajiriwa."

"Kimeajiriwa na nani?"

"Na wewe, binti yangu. Umekipa mgonjwa, umekipa hali yake, umekitajia hadi ubavu. Kikakujibu. Ulitaka na mkataba?"

Alieleza huku anafuta sindano. Yapo majini yanayokaa penye maji ya nyumba za watu, miaka nenda miaka rudi, na hayamgusi mtu, kwa kuwa hayana kazi. Kibaya ni kuyapa kazi. Jini likipewa mtu hulisha kwa mkono mmoja, huchukua kwa mwingine, mpaka mwili unapona kabisa na ndani hamna mwenyewe.

"Umesema haliketi," alisema Fundi. "Linatayarisha pa kuketi."

Muuguzi aliuliza afanye nini. Fundi alisema afanye kazi yake, ile ya kila jioni, ila aifanye sawasawa. Asimame kando ya kitanda saa ya kubadilishana zamu, adai mgonjwa wake kwa jini, alisikilize linavyoeleza hali hadi mwisho, apokee. Asibishe neno hata moja, kwani akibisha hajapokea. Na kabla ya hapo awaambie wenye nyumba alichokifanya. Mgonjwa aliyeachwa kwa siri harudishwi kwa siri.

"Na yale liliyokwisha kumsahaulisha?"

"Kilicholiwa kimeliwa. Utaokoa kilichobaki."

"Halafu litaondoka?"

Fundi alizungusha gurudumu la cherehani, ikaenda mara mbili, ikakwama. "Litarudi kukaa kimya kwenye maji. Lakini sasa linajua kazi. Yule mwenye dhamana ya mgonjwa asije akaliambia tena neno lile. Hata kwa mzaha."

Alirudi nyumbani kwa Mwalimu jua likizama. Mwana alikuwa jikoni. Muuguzi alipiga moyo konde, akamweleza: kwamba alimwacha mama yake kabla mwenzake hajafika, kwamba alimkabidhi kupitia mlangoni kwa mtu asiyemwona, kwa maneno haya na haya, na kwamba kilichojibu ndicho yule mrefu. Alimwomba jambo moja tu, wakati anampokea mgonjwa asizungumze.

Mwana alimsikiliza hadi mwisho. Kisha akamwambia kwamba kesho atafika ofisini kwao yeye mwenyewe, na kwamba sare hiyo aiangalie vizuri kwa kuwa hataiona tena. Muuguzi alisema sawa.

"Maneno tu?" mwana aliuliza. "Mtu anasema nakukabidhi, basi?"

"Akiwa mgonjwa ni wake, ndiyo."

Alinawa mikono kwa maji ya chupa, akasimama upande wa kushoto wa kitanda. Mwana aliegemea ukuta. Mwalimu aliwatazama wote wawili kwa upole. Nje mtu alikuwa anamwita mtoto aingie ndani.

"Zamu imebadilika," alisema muuguzi. Sauti ilimtoka ndogo. "Nimekuja kumchukua mgonjwa wangu."

Bomba la bafuni lilifunguka. Maji yalitiririka kwa muda wa mtu kunawa hadi viwiko, yakafungwa, na raba zikaanza kulia kwenye korido, hatua chache zisizo za haraka, na kwa kila hatua ile harufu ya kitambaa kibichi ilisogea mbele ya hatua yenyewe, ikaingia sebuleni, ikapita mbele ya mwana aliyejibana ukutani na kuziba pua kwa kiganja, ikazunguka miguu ya kitanda, ikasimama upande wa kulia, mkabala na muuguzi, na pale ambapo hapakuwa na mtu godoro likabonyea kama linavyobonyea muuguzi anapoweka magoti ili amwinamie mgonjwa.

"Mgonjwa ameshinda vizuri," sauti ilisema. Ilikuwa na mpangilio wa kazi, kama ya mtu aliyefundishwa ofisini kwao. "Kidonda kimefunga. Hana homa. Amegeuzwa kila ilipopaswa."

Muuguzi aliitikia kwa kichwa.

"Amekula majina ya wanafunzi wake, akayamaliza. Amekula njia ya kwenda kwao. Amekula uso wa mumewe, sauti yake, na siku aliyomzika. Amekula nyimbo. Jana amekula jina la mwanawe, kidogo kidogo, kwa sababu lilikuwa gumu."

Mwana alitoa mguno kutoka ukutani. Muuguzi hakugeuka. Ulimi ulimwasha kusema hapana, rudisha, na aliubana kwa meno mpaka akaonja damu.

"Amebakiza ukali wake na jina lake mwenyewe. Ningemlisha leo." Godoro lilisogea, na maneno yaliyofuata yalitoka karibu zaidi, juu kidogo ya uso wa muuguzi, mahali ambapo mdomo wa mtu mrefu aliyeinama ungekuwa. "Hana maumivu. Ukimpokea atakuwa nayo. Mimi namfanyia vizuri kuliko wewe. Hata yeye anajua. Unampokea alivyo?"

Alitaka kulia. Alijua kila neno ni kweli, na hilo ndilo lililomtisha kuliko harufu.

"Nakukabidhi mgonjwa," sauti ilisema, polepole, kama anayetoa kitu kinywani.

"Nimempokea."

Godoro lilirudi mahali pake. Bafuni maji yalibubujika, yakaenda chini. Na Mwalimu akapiga ukelele uliotikisa vioo vya dirisha.

Muuguzi alifunua shuka. Mstari wa penseli ulikuwa umefunguka, bandeji imelowa majimaji na damu kidogo, kidonda kile kile cha mwanzo. Alichukua pamba, na alikuwa hajamaliza kusafisha alipopigwa kofi mkononi.

"Unanipapasa kama unachagua nyanya," alisema Mwalimu. "Mikono baridi kama chura. Nani amekupa cheti?"

Muuguzi alicheka huku machozi yanamtoka. Alisema samahani, Mwalimu. Mwalimu alimwambia samahani haiteremshi maumivu, alete dawa.

Mwana alisogea hadi miguuni mwa kitanda. Alikuwa bado ameziba pua. Mama yake alimtazama kwa muda mrefu, akitafuta kitu na kukikosa, na kadiri alivyokikosa ndivyo alivyokasirika.

"Na wewe nani? Unaingia chumba cha mgonjwa na viatu vilivyojaa rangi?"

"Mama, ni mimi."

"Mimi siyo jina. Vua viatu."

Alivua. Alisimama navyo mkononi, soksi imetoboka kidole gumba. Mwalimu alitazama kile kidole.

"Kama nilikuzaa kweli," alisema, "basi siku hiyo sikuwa na bahati."

Mwana alitoka na viatu vyake. Muuguzi alitaka kumfuata, amwambie ni maumivu yanayozungumza, lakini alikuwa ameshika kidonda na hakuweza kukiachia.

Chapuchapu alifika kwa wakati jioni hiyo, mara ya kwanza tangu aajiriwe, na mwenyewe alionekana kushangaa. Muuguzi alimsimamisha kando ya kitanda, akamshika mabega, uso kwa uso. Alimweleza hali yote. Chapuchapu alitaka kutania, akaona macho ya mwenzake, akaacha.

"Nakukabidhi mgonjwa."

"Nimempokea."

"Mikono umeshanawa?"

"Nimenawa uani, mwenzangu. Lile bafu lenu linanuka."

Mwalimu aliwaambia wote wawili wapunguze kelele, hapa si sokoni. Muuguzi alichukua mkoba. Kesho angekuwa hana kazi, na alishangaa kuona hilo ni jepesi. Kwenye ngazi za nje alikaa kidogo kufunga kamba za raba. Kutoka hapo aliona uani: Chapuchapu alikuwa ametoka kwa mlango wa jikoni kuanua shuka, anakunja, anaimba kwa sauti ya chini.

Ndani, bomba la bafuni lilifunguliwa, na si Chapuchapu aliyelifungua.

Muuguzi alisimama. Dirisha dogo la bafu lilikuwa juu ya ngazi, na sauti iliyotoka humo ilikuwa ya mwana, ya chini, ya mtu aliyekaribia sana mlango wa bafu. Alikuwa anaeleza hali.

"Hajala," alikuwa anasema. "Dawa amemeza. Kalalia mgongo." Alivuta pumzi kama mtoto aliyelia sana. "Ni mkali mno. Nakukabidhi mama yangu."

Muuguzi alikuwa ameshafika mlango wa mbele, anasukuma, na mlango ulikuwa umefungwa kwa ndani. Alisikia jibu likitoka chini ya maji. Alipiga kwa viganja, akaita, akaita tena, na uani Chapuchapu aliangusha shuka na kuanza kukimbia. Ndani, raba zilikuwa zikilia kwenye korido, bila haraka. Zilifika sebuleni. Kijiko kiligonga bakuli.

"Asante, mwanangu," alisema Mwalimu.